Faili Lako Lina Msomaji

Msimu wa kuomba vyuo vya nje huanza Agosti, ufadhili wa Chevening wa Uingereza unapofungua dirisha lake, na huendelea hadi Machi hivi, programu za mwisho za Ulaya zinapofunga. Katika miezi hiyo, kazi yangu ya kufundisha hapa Dar es Salaam huongezewa nyingine isiyo na posho: kuandika barua za mapendekezo. Wanaokuja kuziomba huja na mambo waliyoyasikia kwa kaka mwenye jamaa yake Poland, kwenye magrupu ya WhatsApp, au kwa wakala mwenye kiofisi ghorofani Kariakoo. Mengi ya mambo hayo si uongo mtupu. Yana chembe ya ukweli iliyovimbishwa. Ila karibu yote yanasahau jambo moja: faili likishatumwa kuna mtu, mara nyingi profesa aliyechoka na mwenye rundo la mengine, anayelifungua na kulisoma. Ukimkumbuka mtu huyo, sehemu kubwa ya uvumi huanguka yenyewe.

“Kama huna First Class, usijisumbue.”

Hili limeua maombi mengi kuliko ubalozi wowote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kinatoa daraja la kwanza kuanzia GPA ya 4.4 kwenye kipimo cha 5, na daraja la pili la juu kuanzia 3.5. Chevening na vyuo vingi vya Uingereza vinaomba daraja la pili la juu au linalolingana nalo. Daraja la kwanza ni sharti tunalojiwekea wenyewe.

Wajerumani wana fomula yao, na inafaa kila mwombaji aifanye kwa mkono wake kabla hajakata tamaa. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, yaani 5, utoe GPA yako. Jibu ligawe kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, yaani 5 kutoa 2. Zidisha kwa 3, ongeza 1. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Mwenye 3.5 anapata 2.5. Kwao 1 ndiyo alama bora na 4 ni kufaulu kwa kuponea chupuchupu, na programu nyingi za uzamili huweka ukomo wa 2.5. Maana yake ni kwamba daraja la pili la juu la Mlimani, hata likiwa la mwisho mwisho, bado limo. Mwenye 3.2 anapata 2.8, na huyo simdanganyi: programu zenye ukomo huo zitamwacha kabla hata profesa hajaliona jina lake. Atafute zile zisizoweka ukomo wa namba, au zinazotazama zaidi kazi aliyoifanya tangu ahitimu. Zipo, ila zinahitaji kutafutwa kwa subira.

Halafu kuna kosa dogo linalowagharimu hasa ndugu zetu wa Kenya. Kule alama 70 ni A. Marekani, 70 kwa watu wengi ni C. Msomaji wa Iowa anayekutana na transkripti ya Nairobi iliyojaa 68, 71 na 66 anaweza kudhani ana mwanafunzi wa kusuasua mbele yake, kumbe ana mmoja wa vinara wa darasa. Ufafanuzi upo, tena umechapishwa na chuo chenyewe: ni lile jedwali la madaraja lenye herufi ndogo nyuma ya transkripti. Na waombaji wengi huskani upande wa mbele tu! Skani pande zote mbili. Kama jedwali halipo, omba ofisi ya msajili ikuandikie barua fupi inayolieleza.

Sapu moja ya mwaka wa kwanza, nayo, haimtishi mtu. Msomaji anatazama masomo yanayohusiana na unachokwenda kusoma, na anatazama alama zinapanda au zinashuka. Aliyeanza na C za hesabu akamaliza na A za takwimu ana habari nzuri ya kusimulia.

“Ufadhili una wenyewe. Bila koneksheni hupati.”

Hapa tutenganishe mambo. Kuna ufadhili unaopitia serikali kwa serikali, ambapo nchi yako lazima ikupendekeze. Stipendium Hungaricum wa Hungaria uko hivyo, na sehemu ya ufadhili wa serikali ya China pia. Katika njia hiyo tangazo hutoka wizarani, wakati mwingine siku zikiwa zimebaki chache, na mwenye jamaa wizarani hulisikia mapema. Sitajifanya sijui. Dawa yake ni kuingia kwenye tovuti ya wizara wewe mwenyewe kila wiki tangu Novemba, usingoje lifike kwenye grupu.

Lakini Chevening, DAAD ya Ujerumani, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, Türkiye Bursları ya Uturuki na ufadhili wa Taasisi ya Uswidi unaombwa moja kwa moja mtandaoni. Mtu anayekaa Stockholm kusoma mafaili ya waombaji hamjui mjomba wako, na angemjua asingekuwa na pa kumwandika. Wenye kusema kila kitu ni koneksheni, nikiwauliza waliomba wapi, wengi hawajawahi kumaliza hata fomu moja.

“Mpe wakala, yeye ana njia zake.”

Njia zake ni hizi. Wakala wa vyuo hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayeingia na kulipa ada. Kwa hiyo atakupeleka kwenye vyuo vilivyo na mkataba naye, na kwenye programu ambazo ada inalipwa. Nafasi yenye ufadhili kamili haimwingizii kitu, ndiyo maana hakutajii. Akikutoza na wewe, amekula pande zote mbili. Si kila wakala ni tapeli, la hasha; mtu mwenye mzazi wa kumlipia ada na asiyetaka kuhangaika na fomu anaweza kumtumia kama anavyotumia wakala wa tiketi. Asiye na fedha hana anachonunua pale.

Kuomba Chevening ni bure. Türkiye Bursları ni bure. Ushauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wenye washauri Dar es Salaam na Nairobi, ni bure pia. Gharama za kweli zinajulikana: uni-assist, inayohakiki nyaraka kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani, hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huo, mfumo wa pamoja wa Uswidi hutoza krona 900, vyuo vya Marekani hutoza kila kimoja chake, nusu mia ya dola hadi mia na ushee. Hizi za Marekani ziombee msamaha. Andika barua pepe ya mistari minne kwa ofisi ya udahili ya idara kabla hujalipa. Wengine watakataa, wengine watakupa namba ya kuingiza kwenye fomu na ada inafutika. Hakuna anayekuandika kwenye daftari la maskini.

“Pakua barua ya aliyefanikiwa, badilisha majina.”

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wenye sifa zote hujiangusha.

Maelezo binafsi, ule ukurasa mmoja au kurasa mbili za kueleza kwa nini unataka kusoma kitu fulani mahali fulani, ndiyo sehemu pekee ya faili ambayo inaongea. Kijana mmoja aliyesomea sayansi ya chakula aliniletea rasimu yake. Sentensi ya kwanza, kwa Kiswahili, ingesomeka hivi: tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya kuibadilisha Afrika kupitia elimu. Nilimuuliza ni lini hasa shauku hiyo ilimshika, akacheka. Alikuwa ameikuta kwenye sampuli ya mtandaoni, na sentensi hiyo hiyo nimeikuta kwa mwanafunzi wa sheria na kwa muuguzi. Siku hizi programu za akili mnemba nazo huitoa kwa wingi, ikiwa imepigwa pasi vizuri zaidi.

Tukazungumza. Ikabainika kwamba alipokuwa mafunzoni kwa vitendo alizunguka soko la nafaka la Kibaigwa akipima unyevu wa mahindi. Hilo halikuwamo popote kwenye rasimu! Alidhani ni jambo dogo. Wiki iliyofuata alirudi na aya iliyosema, kwa ufupi, kwamba wafanyabiashara walioanika mahindi juu ya turubai na wale walioanika kwenye udongo walikuwa wakiuza kwa bei ile ile. Kwamba alitaka kujua kwa nini mnunuzi hajali. Na kwamba hakuweza kwenda mbele kwa sababu hajui kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu, maabara. Akakumbusha kwamba sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kisha akataja Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, chenye kituo kinachoshughulikia sumu za ukungu kwenye chakula, na akaeleza ni mbinu gani za pale anazozihitaji.

Angalia kilichotokea. Msomaji wa Ghent anaifahamu sumukuvu kuliko sisi sote. Ukimwambia unaipenda Afrika, hana la kukujibu. Ukimwambia turubai na udongo vinauzwa bei moja, tayari ana swali la kukuuliza, na mtu mwenye swali hulitaka faili libaki mezani. Barua ya kupakua haiwezi kufanya hivyo hata iwe na Kiingereza cha kifalme, kwa sababu aliyeiandika hakufika Kibaigwa.

Jambo la pembeni: msitumie aya nzima kukisifu chuo. Profesa anajua chuo chake ni kikongwe.

“Barua ya mapendekezo iandikwe na mtu mkubwa.”

Nimewahi kuombwa ushauri kama barua ya mbunge ingesaidia. Fomu nyingi za vyuo vya Marekani humuuliza mpendekezaji: umemfahamu mwombaji kwa muda gani na kwa nafasi ipi? Kati ya wanafunzi wote uliowafundisha, yumo katika asilimia 5 ya juu, 10, au 25? Uwezo wake wa kufanya utafiti ukoje? Mheshimiwa atajaza nini hapo? Ataandika kwamba kijana ni mwadilifu na anatoka familia nzuri. Msimamizi wa mradi wako wa mwaka wa tatu, hata awe mhadhiri msaidizi, anaweza kuandika kwamba data yako ya kwanza iliharibika ukarudi shambani kuikusanya upya bila kusukumwa. Hiyo ndiyo barua.

Lakini msaidieni naye awasaidie. Ujumbe unaosema “Shikamoo Dokta, naomba barua, mwisho ni leo saa sita usiku” unazaa barua ya mistari sita isiyo na ladha. Njoo wiki nne kabla, na transkripti, kichwa cha mradi wako, rasimu ya maelezo binafsi na orodha ya vyuo yenye tarehe. Mwambie Dokta kiungo kitakuja kwa barua pepe kutoka chuoni na huenda kikaangukia kwenye taka. Jaza anwani yake ya chuo, kwa sababu vyuo vingine huzitilia shaka anwani za Gmail na Yahoo. Na kukumbusha si utovu wa adabu. Tunasahau, tuna mitihani ya kusahihisha. Wale wanaoniambia “nilikuonea aibu, Dokta” na dirisha limeshafungwa hunisikitisha kuliko wasumbufu.

“Fanya kwanza IELTS na GRE, mengine yatafuata.” Na pacha wake: “Tumesoma kwa Kiingereza, hawatuulizi.”

Yote mawili yanapotea kwa sababu yanaanzia mahali pasipo. Anza na orodha ya programu, soma kila moja inataka nini, ndipo utoe fedha. Vyuo vingine hupokea barua ya msajili inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, vingine hupokea mtihani wa Duolingo ambao ni nafuu, vingine havisikii lolote ila IELTS au TOEFL. Matokeo ya IELTS hutambuliwa kwa miaka 2 tu. Nimeona watu wakiyatunza kama cheti cha kuzaliwa mpaka yakaisha muda. GRE nayo inagharimu dola 220, na idara nyingi za Marekani zimeacha kuidai tangu 2020. Kuilipia kabla ya kujua kama kuna anayeitaka ni kutupa kodi ya nyumba.

“Huwezi kufanya PhD bila masta, na PhD ya Marekani ni ya matajiri.”

Kwa Uingereza na Ujerumani, nusu ya kwanza mara nyingi ni kweli. Kwa Marekani zote mbili zimekaa kichwa chini. Kule idara nyingi huchukua mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye PhD, na katika fani nyingi, hasa za sayansi, anayekubaliwa husamehewa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Masta ndiyo ambayo mara nyingi unajilipia mwenyewe. Kijana anayeomba masta Marekani kwa sababu anaona PhD ni kubwa mno kwake anaomba, bila kujua, ile iliyo ghali.

Mpangilio wenyewe haujawahi kuwa mmoja. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alichukua uzamili wa biolojia Pittsburgh mwaka 1966, kisha uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alifanya kinyume chake: uzamili Dar es Salaam, uzamivu Wisconsin–Madison mwaka 1985.

Na wasomi wa Kiswahili wasijione hawana soko. Vyuo kadhaa vya Marekani, kikiwamo hicho cha Wisconsin, hufundisha Kiswahili, na wapo Watanzania na Wakenya waliosomeshwa kwa kusimama mbele ya darasa la Wamarekani wakieleza ngeli. Ila msichanganye hilo na mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Huo ni wa mwaka mmoja wa masomo, hautoi shahada, na unapewa viza ya kubadilishana inayokurudisha nyumbani.

“Umri umepita, umekaa kazini mno.”

Chevening inadai saa 2,800 za kazi, sawa na kama miaka 2. Taasisi ya Uswidi inadai saa 3,000. Kozi za DAAD za mambo ya maendeleo zinadai uzoefu wa miaka 2. Aliyemaliza chuo juzi ndiye asiye na sifa hapo. Saa inayokwenda kasi ni nyingine: kozi hizo za DAAD zinataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6, Waturuki wanataka mwombaji wa uzamili awe chini ya miaka 30, na Wajapani katika ufadhili wa MEXT wanataka chini ya 35. Kwa hiyo, uliyehitimu miaka 4 iliyopita na unafanya kazi halmashauri, dirisha lako bora ni sasa hivi.

“Nimeshapata chuo, nimemaliza.”

Kupata barua ya udahili bila fedha ni kazi rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na ndiyo barua ambayo mawakala hujigamba nayo. Ujerumani ada haipo katika vyuo vingi vya umma, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, asiye na mfadhili lazima aoneshe kwenye akaunti iliyozuiwa euro 11,904 kwa mwaka, ambazo hutolewa 992 kila mwezi. Uingereza, fedha zako lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka hulipwa pamoja na viza. Tangu Januari 2024 wa masta ya kawaida haruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Hilo wengi hulijua wakiwa wameshaaga kanisani. Ubalozi wa Marekani, kisheria, humhesabu kila mwombaji wa viza ya mwanafunzi kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na mahojiano ni ya dakika chache. Atakayeweza kueleza kwa sentensi mbili anakwenda kusoma nini, nani analipa, na atarudi kwenye kazi gani, amejibu karibu yote.

“Ukikataliwa mara moja, jina lako limechafuka.”

Hapana. Vyuo havipelekeani orodha za waliokataliwa, na Chevening inaruhusu kuomba tena mwaka unaofuata. Kinachokufuata ni karatasi bandia. Anayewasilisha taarifa ya benki ya kughushi kwenye maombi ya viza ya Uingereza anaweza kufungiwa miaka 10, na wakala aliyemtengenezea hafungiwi kitu. Aliyekataliwa kwa haki anafungua faili lake upya: maelezo yaandikwe kwa kazi aliyoifanya mwaka huo, orodha ya vyuo ipunguzwe au ipanuliwe, na barua za mapendekezo zipewe tarehe mpya. Kwa hilo la mwisho, mlango wangu huwa wazi Jumatano mchana, baada ya kipindi cha saa saba.